Koti la Mlinzi

Tangu filamu ile itoke, watu hunisimamisha njiani kunipa hongera. Hongera, dada wa mwongozaji. Mdogo wako katutoa, mtaa wetu sasa unajulikana. Mimi huwaangalia tu. Mwongozaji ni mdogo wangu wa tumbo moja. Tunamwita Kamera tangu alipokuwa akitoboa maboksi ya viatu na kutupanga ukutani atupige picha ambazo hazikutoka kamwe. Hongera zao zinanikaa kooni kama mwiba, na leo nataka kuutema.

Walioiona wanasema inatisha na kuchekesha kwa pamoja, eti inawasema wakubwa huku panga linafanya kazi. Mimi nasema ni upuuzi. Lakini kabla sijaitukana, acheni niwaeleze habari za shangazi yetu, maana bila yeye hakuna koti, na bila koti hakuna filamu.

Shangazi ni fundi cherehani. Ana chumba kimoja mbele ya nyumba, mlango wazi kwa barabara, cherehani karibu na dirisha, meza ya kukatia katikati, na ukutani misumari iliyotundikwa sare za watu: za wanafunzi, za wauguzi, za walinzi, za wapishi wa hoteli. Nguo za harusi hazitaki. Anasema bibi harusi hupungua na kunenepa kwa maneno ya watu, bali mtu wa kazi mwili wake haubadiliki. Barazani tumegawana: upande wa mlango ni wake, upande wa pili ni wangu mimi msusi, na kigoda changu na kioo changu kilichopasuka pembeni. Anashona na pini mdomoni, na anaongea nazo mdomoni. Hajawahi kumeza pini wala hajawahi kumeza neno. Mtu akipita barabarani humpima kwa macho, kisha huniambia, "Yule bega la kulia limeshuka, anabebea mzigo upande mmoja," na mtu mwenyewe hajui kwamba ameshachorwa kwa chaki kichwani mwa mtu.

Ndiye aliyetulea mimi na Kamera, mama alipofariki na baba akahamia kazi ya mbali. Yeye na mumewe. Hawakujaliwa watoto, wakatupata sisi, na sijui kama tulikuwa jibu la dua au adhabu.

Mumewe alikuwa mlinzi wa soko kuu. Mtaa mzima ulimwita Funguo, kwa ajili ya lile shada la funguo lililoning'inia kiunoni mwake. Ulimsikia kabla hujamwona. Alikuwa na mabega mapana na sauti ndogo, mtu wa kusalimia hadi paka. Shangazi alimshonea koti la kazi kwa kitambaa kizito cha rangi ya majivu, na ndani, upande wa kushoto, akamwekea mfuko mrefu wa kutumbukizia funguo akirudi nyumbani, zisigongane zikatuamsha. Koti hilo lilikuwa blanketi letu. Kamera alipougua homa ile iliyomtingisha wiki nzima, alilala chini ya koti hilo, na Funguo akaenda kazini kwenye baridi na shati tupu. Naomba mlikumbuke hilo.

Jioni moja bitana ya koti, kile kitambaa cha ndani, ilinasa kwenye msumari wa geti ikachanika kutoka kwapani hadi mfukoni. Kesho yake asubuhi alilivua akalilaza juu ya meza ya kukatia. Akamwambia shangazi, "Nishonee basi. Jioni nikirudi nilikute tayari." Shangazi akasema, "Utalikuta." Akatoka bila koti.

Siku hiyo mji ulikuwa unatarajia wageni wakubwa, na msafara wao ulipangwa kupita mbele ya soko. Meya hakutaka wageni waone wachuuzi, mikokoteni na ndoo za maganda. Kwa hiyo wachuuzi wote wa nje walisukumwa ndani ya soko, na mageti yakafungwa hadi msafara upite. Msaidizi wa Meya alikuja mwenyewe na gari, akamwamuru Funguo afunge, kisha akanyoosha mkono na kuchukua shada la funguo, asije mtu akashawishika kufungua mapema. Mtu aliyeitwa Funguo akabaki ndani ya soko bila hata ufunguo mmoja.

Moto ulianzia kwenye nyaya, juu ya maduka ya mitumba. Msafara ulikuwa bado haujapita.

Funguo alichukua mtaimbo akalivunja geti dogo la nyuma, la takataka. Akawa anasukuma watu nje, mmoja mmoja, akirudi ndani kufuata wengine. Waliotoka walikuwa wengi. Yeye hakutoka. Tume iliundwa, ikakaa, ikanywa maji ya chupa, ikatoa taarifa: mlinzi alifunga mageti kwa uzembe, na funguo hazikupatikana. Basi. Meya akalia kwenye televisheni. Miaka imepita, Meya ni yuleyule, suti tu ndizo zinazobadilika.

Na walionusurika je? Wachache walimnong'oneza shangazi haya usiku, hadharani wote walinyamaza. Soko jipya lilipojengwa, aliyegawa vibanda ni Meya, na aliyekuwa na mdomo mrefu hakupata kibanda. Siwalaumu sana. Hapana, nitasema kweli, nawalaumu.

Shangazi alilitundika koti nyuma ya mlango wa chumba cha kazi, na bitana yake imechanika vilevile. Fundi anayeshonea nusu ya mji ana nguo iliyochanika nyumbani kwake mwenyewe. Siku moja nilishika sindano nilisaidie. Alikuja akaitoa sindano mkononi mwangu polepole, akairudisha kwenye kimto cha sindano.

Ndipo Kamera, aliyekwisha kuwa mtu mzima na ndevu zake na mkoba wake wa vifaa, alipokuja na habari ya filamu. Alikaa na shangazi jioni nyingi, kinasa sauti mezani kati ya vipande vya kitambaa, na shangazi akamwambia yote. Yote, hata yale ambayo mimi ninayekaa naye baraza moja sikuwahi kuyasikia. Kamera alilia. Nilimwona kwa macho yangu. Alisema, "Shangazi, nitawaumbua. Nitamsafisha mzee mbele ya nchi nzima. Watu watacheka kwanza, kisha kicheko kitawakwama."

Akaomba koti.

"Kwenye tukio la mwisho mlinzi anavunja geti," alisema. "Nataka awe amevaa koti lenyewe. Kwa matukio mengine utanishonea mifano yake, maana kuna damu za bandia, zitachafua."

Shangazi aliiacha chai yake ikapoa. Kisha akalitungua koti, akalipiga vumbi, akamkabidhi. "Usiiguse bitana," alisema.

"Sitaigusa, shangazi."

"Sema tena."

"Haki ya Mungu, sitaigusa."

Akashona makoti mengine ya mfano, kitambaa kilekile, mfuko uleule, akafanya hata mkunjo wa kiwiko uonekane umechoka. Sijamwona na furaha ya namna ile tangu kifo cha mumewe. Alikuwa anaimba kwa pua, pini mdomoni. Alianza kuwaambia wateja, "Subirini filamu." Mtu akiinua hata neno dogo juu ya soko, yeye, "Subirini filamu."

Ilioneshwa mara ya kwanza Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wa sinema mjini. Shangazi alijishonea gauni la bluu, na nilipomsuka alinisimamia kwa macho kila msuko. Tuliingia tukaelekezwa safu ya nyuma. Mbele kabisa, kwenye viti vilivyofunikwa vitambaa vyeupe, mgeni rasmi alikuwa Meya.

Nilimgeukia shangazi. Akasema, "Acha. Vizuri zaidi. Aione."

Filamu ikaanza. Giza, halafu mlio wa funguo. Halafu koti.

Muuaji alikuwa mlinzi.

Nirudie, maana mimi mwenyewe pale kitini nilidhani sijaelewa. Mlinzi wa soko, ndani ya koti la rangi ya majivu, anafunga mageti akicheka peke yake, anatia shada la funguo mfukoni, upande wa kushoto, ndani, kisha anachomoa panga na kuanza kuchinja wachuuzi. Kila funguo zikilia, mtu anakufa. Wa kwanza alipasuliwa juu ya mafungu ya nyanya, na ukumbi ukapiga kelele za raha. Wa pili alining'inizwa kwenye mzani wa nyama. Damu zilikuwa nyingi mpaka zikakosa maana, damu ya kumwagia ndoo, nyekundu ya rangi ya kucha.

Na ile kejeli ya kuwaumbua wakubwa? Ilikuwepo, nisiwaonee. Kulikuwa na Meya wa filamu, mnene, tumbo linatangulia, aliyekuja kila baada ya mtu kuchinjwa akakata utepe juu ya maiti na kusema, "Nauzindua rasmi mradi huu." Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya tatu nilitaka kumpiga mtu kiatu. Mwishowe na yeye alikatwa kichwa, na kichwa kikawa kinabingirika sakafuni kikiahidi barabara, na shingoni badala ya damu zikaruka karatasi za kura. Watu walivunjika mbavu. Aliyecheka kuliko wote ni Meya mwenyewe. Alijipiga mapaja, akajifuta machozi kwa leso, akamwinamia jirani yake. Na kwa nini asicheke? Yeye ni mwembamba, mtanashati, anaongea taratibu. Yule wa kwenye skrini hakuwa yeye. Hakuwa mtu yeyote. Hakuna amri iliyotolewa, hakuna gari lililokuja, hakuna mkono ulionyooshwa kuchukua funguo. Filamu nzima iliuma na kupuliza, na pale ilipong'ata hasa, ilimng'ata maiti.

Shangazi alikuwa bado anasubiri. Mtu ni wa ajabu. Alinishika mkono, akanong'ona, "Geti bado."

Geti likafika. Lilivunjwa na kijana mmoja mwenye kifua wazi, akatoka mbio na mchumba wake. Yule mlinzi wakamfungia ndani, na moto ukawaka, na tukamtazama akiungua ndani ya koti, akipiga mayowe, na ukumbi wote ukapiga makofi. Safu mbili mbele yetu alikuwepo mama mmoja muuza vitunguu, ninamsuka kila mwezi. Siku ya moto alitoka kwa lile geti dogo la nyuma. Na yeye alipiga makofi. Nilimwona.

Mkono wa shangazi ulikuwa bado juu ya wangu. Alisema kwa sauti ileile anayosemea na pini mdomoni, "Hilo linaloungua si lenyewe. Mkono umekaa vibaya. Hilo nililishona kwa haraka."

Taa zikawaka. Jukwaani akapanda mfadhili wa filamu, na Kamera kando yake ndani ya suti ya kuazima, wakamwita mgeni rasmi. Meya akasema filamu hii ni ushahidi wa uhuru tulio nao, kwamba hata yeye anakatwa kichwa na anacheka. Makofi. Kisha mfadhili akasema wana zawadi: koti halisi la muuaji. Akalitoa kwenye mfuko wa plastiki. Kifuani lilikuwa limeganda damu ya rangi na sukari, kola imekauka ngumu. Meya akalivaa juu ya suti. Akaingiza mkono mfukoni, kushoto, akakuta shada la funguo za filamu, akazitikisa, akafanya mkono kama panga, na watu wakaangua kicheko. Kamera alikuwa anapiga makofi, uso umeangalia viatu.

Shangazi akasimama.

Nilidhani atampiga. Wallahi nilitamani ampige. Alishuka ule mteremko wa viti taratibu, na gauni lake la bluu, na mtu wa mlangoni alipomzuia, mfadhili akasema, "Mwacheni, huyo ndiye fundi wetu wa mavazi." Watu wakampigia makofi. Akapanda jukwaani.

"Kumbe ni wewe mama," Meya alisema. "Mikono ya dhahabu. Ona lilivyonikaa."

"Halijakukaa," shangazi alisema. "Limekupwaya mabegani. Aliyeshonewa alikuwa na mabega."

Watu wakacheka. Meya akacheka pia, hana neno mtu yule. "Basi nishonee langu. Tena na vijana wangu wote wa kampeni, wavae tupite nao mitaani. Watu wanataka kuchekeshwa siku hizi."

"Vua basi," shangazi alisema, "nichukue kipimo."

Akavua. Alimgeuzia mgongo kabisa, na shangazi akamsaidia kuyatoa mabega, jinsi anavyowasaidia wateja wote. Akazitoa zile funguo za kuigiza akaziweka juu ya meza ya maua. Kisha akapitisha mkono ndani ya koti, kwenye bitana, na nikauona mkono ukisimama.

"Mheshimiwa," alisema, "unamjua mwenye koti hili?"

"Muuaji," Meya alisema, na ukumbi ukalipuka tena.

Shangazi akalikunja koti juu ya mkono wake, akashuka, akapita katikati ya watu mpaka mlangoni. Walimpigia makofi hadi anatoka. Walidhani ni sehemu ya onyesho.

Nje jua lilikuwa kali. Aliligeuza koti pale kwenye ngazi za ukumbi, nikaona alichokigusa. Bitana ilikuwa imeshonwa. Mtu alikuwa ameipitishia mashine, uzi mweupe, mshono wa mbiombio wa kwenda na kurudi, kutoka kwapani hadi mfukoni.

Kamera alitoka nyuma yetu akihema. "Shangazi, subiri. Shangazi, naomba usikilize."

"Nani kashona?"

"Mtu wa mavazi. Aliona limechanika, akaona asaidie. Sikuwepo. Shangazi, wafadhili walibadilisha, mimi niliandika vingine kabisa, walisema watu hawaji sinema kulia, wanataka damu. Ilikuwa hivyo au isiwepo kabisa. Na yule mlinzi si mzee. Ni ishara. Ni ishara ya mfumo unaokula watu wake."

Hapo nilimsogelea. Nilimwambia, "Ishara imevaa koti ulilolalia ukiumwa? Mfumo ndio uliokufunika? Kama ulitaka ishara si ungemvalisha suti, kwani suti zimekwisha madukani? Jioni zote zile mtu anakutapikia roho yake, ukaenda ukachukua uongo wa tume ukautia rangi nyekundu?"

"Dada, wewe hujui sanaa."

"Sijui. Najua kusuka. Nikimwahidi mtu nywele za mistari simnyoi kipara nikamwambia ni ishara."

Shangazi aliinua mkono tunyamaze. Alimtazama Kamera kwa muda, yale macho ya kupima, kuanzia mabega.

"Umemfungia tena," alisema. Tukaondoka.

Filamu ikashika mji. Watoto wa mtaa wakaanzisha mchezo wa kutikisa vizibo vya chupa na kukimbizana, na wakipita mbele ya mlango wetu wanaongeza mbio. Wateja wapya walikuja kuchungulia nyumba ya muuaji. Msichana mmoja aliniuliza, huku nikimchana, kama ni kweli kisa ni cha kweli, kwamba mlinzi wa soko aliwafungia watu makusudi. Niliacha kichwa chake nusu nikaingia ndani nikalie.

Shangazi hakulia. Nilitegemea angelifua koti, akalificha. Alilivaa. Jumatatu moja asubuhi alikaa kwenye cherehani amevaa koti la mumewe juu ya gauni, na damu yake ya bandia kifuani, jua linachoma, jasho linamtiririka. Hakulifua, wala hakufumua ule mshono mweupe. Mtu akimuuliza, "Fundi, hilo si koti la kwenye filamu?" anajibu, "La mume wangu. Kaa hapo." Na akishakaa, anamwambia kisa chote, mwanzo hadi mwisho, mguu ukiendesha cherehani. Waliokuja kuchukua sare walizipata baada ya kusikia. Wengine waliguna, wengine walisema pole, wengi waliangalia saa. Nilimwambia, "Shangazi, watu watasema umechanganyikiwa." Akasema, "Waseme. Wakija kusema, watasikia."

Muuza vitunguu akaja siku yake ya kusuka. Nilimkalisha kigodani bila maneno mengi, nikaanza kumfumua, na nakiri nilivuta kuliko inavyohitajika. Alikuwa amempa shangazi kisogo, anajitazama kwenye kioo, mikono mapajani. Harufu ya vitunguu haimtoki hata Jumapili. Nilikuwa nimefika katikati, upande mmoja umesukwa na mwingine umesimama wima, gari likaegeshwa mbele yetu.

Akashuka msaidizi wa Meya. Amezeeka, tumbo limeongezeka, lakini ni yuleyule.

"Fundi," alisema, "Mheshimiwa ananituma. Yale makoti ya vijana. Na lile moja uliloondoka nalo, ulisema unachukua kipimo. Naona umelivaa." Akacheka kidogo.

Shangazi akatoa mguu kwenye cherehani. Akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kimto cha sindano. Sijawahi kumwona akiongea na mteja bila pini.

"Hili ni koti la Funguo," alisema. "Unamkumbuka. Ulisimama mbele yake ukanyoosha mkono huo huo ulioshika simu, ukazichukua funguo kiunoni mwake."

Yule bwana aliangalia barabarani, akaangalia gari lake. "Mama, pole kwa msiba. Lakini hayo yalichunguzwa. Mlinzi alifunga, funguo hazikuonekana. Iko kwenye taarifa. Sasa hata kwenye filamu ipo, tena mtoto wenu mwenyewe kaitengeneza. Hakuna aliyeona jingine."

Alisema hivyo kwa upole, kama anamfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakaziba. Nilitaka kumrushia kitana. Mikono yangu ilikuwa bado ndani ya nywele za muuza vitunguu, na nikahisi kichwa chake kinainuka.

"Mimi niliona," alisema.

Alisema akiangalia kioo. Sijui kama alikuwa anamwambia yule bwana au anajiambia mwenyewe.

"Nilikuwa geti kubwa, na kapu langu. Nilikuona ukizichukua. Ulizitia mfuko wa suruali zikavimba, na mimi nikacheka, nikamwambia mwenzangu, ona bwana mkubwa kabeba nini." Akasogea kigodani. "Moto ulipokuja, yule baba alinisukuma mgongoni. Alinisukuma kwa nguvu, nikaangukia nje, nikachubuka magoti, nikageuka nimtukane. Alikuwa ameshageuka kurudi ndani. Shati lake lilikuwa jeupe. Hakuwa na koti. Na mimi juzi nimekaa sinema nikaliona koti, nikapiga makofi na wenzangu."

"Mama," msaidizi alisema, "una kibanda soko jipya, sivyo?"

"Ninacho. Namba yake unaijua. Kachukue."

Alisimama, nusu amesukwa, nusu nywele zimetawanyika, kitambaa changu bado shingoni, na hakuna aliyecheka. Watu walikuwa wameanza kusimama barabarani. Muuza maji, wanafunzi wawili, fundi baiskeli wa ng'ambo. Muuza vitunguu akawageukia akaanza upya, kwa sauti kubwa zaidi, sauti ya sokoni, ile ya kuitia wateja. Msaidizi aliingia garini. Alisahau kudai koti.

Nilipoinua macho nilimwona Kamera kwenye kona ya nyumba ya jirani. Sijui alikuja saa ngapi wala alikuja kuomba nini. Alikuwa amesikia yote, na usoni alionekana mtu aliyegundua kwamba jioni zote zile hakuwahi kufunga safari ya kwenda sokoni kuuliza. Mkono ukaanza kupanda na simu, arekodi. Nilimtazama. Akairudisha mfukoni. Sijamsamehe, na akinisoma hapa ajue.

Nilimmalizia muuza vitunguu nywele zake, safari hii bila kuvuta. Watu wakatawanyika wakiongea. Jua likawa limeshuka nyuma ya paa la fundi baiskeli, ile saa ambayo zamani tulikuwa tukianza kusikiliza mlio wa funguo barabarani.

Shangazi akalivua koti. Akalilaza kwenye meza ya kukatia, ndani nje, akachukua kiwembe na kuufumua ule mshono mweupe, akiutoa uzi kipande kwa kipande na kuupuliza sakafuni, mpaka bitana ikafunguka jinsi ilivyofunguka siku ile. Akachagua uzi wa majivu. Akautunga sindanoni mara ya kwanza bila kukosea. Nilitaka kumsogezea taa, akakataa kwa kichwa. Alishona kwa mkono, mishono midogo ya kufichwa, kutoka kwapani hadi mfukoni, na hakuinua uso mpaka mwisho.

Alipofunga fundo alikata uzi kwa mkasi, akalikung'uta koti, akalitundika nyuma ya mlango. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida ya kumjibu mtu aliye chumba cha pili, "Tayari."